Simu Kumi na Moja za Mami Sirri

Januari ile serikali ilipotuzimia mtandao sisi wa upande wa Bamenda, tunaozungumza Kiingereza, Mami Sirri alikuwa muuza karoti pale Santa. Kufikia Machi alikuwa ndiye posta yetu.

Kila Jumanne na Ijumaa alipanda lori la mboga kwenda sokoni Mbouda, kwa wenzetu wanaozungumza Kifaransa, ambako mtandao haukuguswa. Jirani mmoja akamwomba ampelekee simu, aiwashe huko, meseji zitoke na nyingine ziingie, kisha amrudishie jioni. Wiki iliyofuata tulikuwa watano, kisha kumi. Laini tulizitoa tukabaki nazo. Huko simu zote zilipata data kutoka kwenye simu yake. Kusoma hakujua, hivyo kila simu aliifunga kwa kipande cha kitenge cha rangi yake. Yangu ilikuwa ya njano. Kitambaa kipi ni cha nani, alijua yeye na binti yake Akwi tu.

Sharti lake lilikuwa moja. "Safisheni simu zenu kabla hamjaniletea," alisema. "Picha za maandamano, nyimbo zenu, matusi kwa wakubwa, futeni. Mimi nina mtoto wa kusomesha."

Mtoto ni huyo Akwi. Chuo kimoja cha uuguzi huko Ghana kilikuwa kimemkubali, na fomu yake ilikuwa iingie kwenye simu yake Jumanne moja mwishoni mwa Machi. Ilitakiwa irudi Ijumaa ya wiki hiyo hiyo. Ikichelewa, nafasi anapewa mwingine.

Basi tukasafisha, wote, kwa uangalifu mkubwa. Yangu ilikuwa inakwenda kwa mara ya kwanza, na hakuna aliyefikiria kwamba simu iliyokaa wiki tisa bila mtandao, ikiupata, humeza kila kilichokuwa kikiisubiri. Pale Mbouda kundi letu la meseji la wanafunzi wa chuo kikuu liliimwagia simu yangu kila kitu, pamoja na video ya askari wakiwachapa wasichana nje ya bweni. Ikajihifadhi yenyewe kati ya picha zangu.

Kilichotokea kwenye kizuizi cha askari barabarani wakati wa kurudi tulisimuliwa na Pa Ndifor, dereva wa lori.

"Mama, siku hizi karoti zinapiga simu?" askari aliuliza, akipekua kapu.

"Karoti zimeisha, afande. Zimebaki hizi tu."

"Hii ya nani?"

"Yangu."

"Na hii?"

"Yangu."

"Zote kumi na moja?"

"Nina maneno mengi, afande. Muulize marehemu mume wangu."

Askari alicheka. Akaendelea kuzifungua moja moja, mpaka akaifikia ya njano, akaacha kucheka.

"Nionyeshe mwenye hii," alisema, "uchukue hizo kumi uende zako."

Ya Akwi ilikuwa kati ya hizo kumi, na fomu ndani yake.

"Nimeshakwambia," alijibu Mami Sirri. "Yangu."

Wakamteremsha pamoja na kapu lake.

Pa Ndifor alipomaliza, Akwi alinigeukia. "Msomi wetu. Digrii nzima, hukujua kuwa meseji huingia?"

"Sikufikiria."

"Haya, sasa fikiria."

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwenye kituo cha askari kando ya kizuizi nikasema simu ya kitambaa cha njano ni yangu, jina langu ni hili, mwachieni mama wa watu. Walimtoa nje. Mguu mmoja ulikuwa na ndara, mwingine mtupu.

"Mama, huyu anasema simu ni yake."

Alinitazama toka juu mpaka chini. "Simjui. Hawa vijana wasio na kazi, wakisikia simu ya bure wanakuja mbio."

"Mami, tafadhali—"

Hapo akaanza kunifokea kwa lugha yetu ya Santa, mikono hewani, kama anayemtukana mwizi. Askari wa kusini hawakuelewa neno. Alichokuwa akisema ni hiki: "Jina langu limeshaandikwa. Ukiingia humu, mimi hawanitoi, ila tutakuwa wawili. Nani atabaki na mwanangu? Toka hapa, mpumbavu wee!"

Askari walicheka na kunisukuma nje ya geti. Nikatoka. Mimi niliyeimba barabarani kwamba sauti zetu hazitazimwa, nilitoka kimya.

Ijumaa Akwi alikwenda Mbouda mwenyewe, akaazima simu, akawaandikia chuo. Walijibu upesi, kwa adabu: tuma namba iliyoandikwa juu ya fomu yako. Namba ilikuwa ndani ya simu yake, na simu ilikuwa kwenye droo ya askari.

Jumatatu Mami Sirri alipelekwa Yaoundé, mji mkuu. Hatujaambiwa kosa lake wala jela yake. Serikali ilisema inazima mtandao kwa usalama wetu. Nami nauliza, mwanamke anayebeba barua za majirani alikuwa anamtishia nani?

Aprili mtandao ulirudi. Santa nzima ililia milio ya meseji, watu wakatoka nje wakishangilia. Akwi hakutoka. Siku hizi ndiye anayepanda lori la karoti, na kila Jumanne anateremka kwenye kizuizi kile kumuulizia mama yake.

"Mama gani?" wanamjibu.

Jumanne iliyopita nilifuatana naye. Kapu la Mami Sirri lilikuwa kwenye benchi nje ya kituo, askari wanawekea mkaa. Ndani, chini ya mkaa, palichungulia kipande cha kitenge cha njano.