Chumvi na Pilipili Kabla ya Karatasi ya Pili

Siku ile tulikuwa watano, nyumbani kwangu Mji wa Kale, kwenye mkeka wa chumba cha nyuma kinachopata upepo. Nilikuwamo mimi. Alikuwamo wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye tangu afiwe na mumewe hajapata kukosa chakula cha mchana kwangu. Alikuwamo mjukuu wangu wa kike, mtoto wa mwanangu wa pili, niliyemlea mwenyewe. Alikuwamo kijana wa Bondeni, ambaye nyanya yake na mimi ni tumbo moja, kwa hivyo naye ni mjukuu wangu, ataka hataki. Na alikuwamo binti wa jirani wa ghorofa ya juu, watu wa bara, Wakristo, baba yake afanya kazi bandarini. Huyo amezaliwa juu ya kichwa changu na amekua kwa harufu ya mchuzi wangu. Majina yao ninayo yote, na ya baba zao na babu zao, lakini mjukuu wangu amenikataza kuyaandika, na ndiye anisaidiaye kusoma nilichoandika, kwa kuwa mimi shule niliishia darasa la tatu.

Hao vijana watatu walikuwa wametoka kufanya mtihani wa kuingilia chuo cha uuguzi. Karatasi ya kwanza ilikuwa asubuhi, ya pili mchana baada ya sala, na ukumbi wenyewe hauko mbali, ndipo nikasema waje wale kwangu. Nimekwenda sokoni Marikiti mapema kwa ajili yao. Nimekuna nazi kwa mikono hii yenye baridi yabisi. Nilidhani watakula.

Hawakula. Walikaa kushindana ni nani aliyeumia zaidi. Kijana wa Bondeni akasema swali la vipimo vya dawa lilimtoa jasho hadi kalamu ikamteleza. Binti wa ghorofani akasema hilo la dawa si kitu, lile la mishipa ya damu ndilo halikuwa la ulimwengu huu. Yule akaongeza, huyu naye akaongeza, na wifi yangu akawa anaitikia maskini, maskini, kama yuko matangani. Nikawaambia wali unapoa. Nani anisikize.

Sasa nieleze jambo ambalo msomaji wa mbali hatalijua. Kwetu sisi, mtu hasemi kizuri chake hakijafika mkononi. Mwenye mimba hasemi, mwenye kuposwa hasemi, na aliyefanya mtihani ukimuuliza ni lazima aseme ulikuwa mgumu, kijicho kisimpate. Hata binti wa ghorofani, ambaye kwao hawana mambo hayo, ameyapata kwetu pamoja na kupika mahamri. Kwa hivyo wale wawili hawakuwa wakisema uongo hasa. Walikuwa wakijikinga.

Lakini mjukuu wangu, tonge lilikuwa limemkauka mkononi.

Mwaka jana alifanya mtihani huo huo. Alitoka akicheka, akasema mbele ya watu kuwa ulikuwa rahisi, kisha akakosa nafasi. Tangu siku hiyo wifi yangu hajampumzisha. Kila wakikutana humkumbusha kuwa ni ulimi wake uliomponza. Na chuo chenyewe hakimruhusu mtu kujaribu zaidi ya mara mbili.

Nikamuuliza, mama, mbona huli? Akasukuma sahani.

"Bibi, mimi sirudi mchana."

Nikadhani tumbo. Akasema si tumbo. Akasema kwake yeye maswali hayo yote yalikuwa mepesi, la dawa na la mishipa, na kama wenzake waliosoma naye wametoka jasho, basi yeye hakuyaelewa, ameandika upuuzi kama mwaka jana. Asiyefanya karatasi ya pili, ile ya kwanza haisahihishwi. Afadhali isisahihishwe, akasema, kuliko kuchekwa tena.

Wifi yangu akafyonya. "Si nilisema. Ashasema mepesi tena."

Hapo nilichoka. Nimechoka na mtihani, nimechoka na kijicho, nimechoka na wifi yangu, Mungu anisamehe. Nikawatazama wale wawili, nao wakayatazama maji ya kunawa. Walijua la kusema na walikuwa wanaogopa kulisema.

Nikainuka na magoti yangu mabovu. Nikatia makaa kwenye chetezo, nikachukua chumvi ya mawe na pilipili kavu, nikawazungushia kila mmoja kichwani kama nilivyozungushiwa na mama yangu. Binti wa ghorofani akasema kwa adabu, "Nyanya, mimi huomba kwa Yesu."

"Muombe, mwanangu," nikamwambia. "Lakini inamisha kichwa."

Nikazitupa motoni. Desturi ni kwamba pilipili ikiungua bila kuwasha makoo, pana kijicho. Ikiwasha, hapana. Basi tulikohoa sote. Wifi yangu alikohoa mpaka mtandio ukamwanguka.

"Haya, hapana jicho hapa," nikasema. "Sasa semeni kweli, ama wali wangu mutaula kesho."

Kijana wa Bondeni ndiye aliyeanza, akijifuta machozi. Akasema kusema kweli haukuwa mgumu hivyo, alimaliza mapema akakaa akiitazama feni ikizunguka. Binti wa ghorofani akasema lile la mishipa walilifanya pamoja hapa hapa mkekani, na mjukuu wangu ndiye aliyemfundisha.

Mjukuu wangu akawatazama mmoja mmoja.

"Na mimi nilikuwa nimekaa hapa nataka kufa," akasema. "Hamuna haya nyinyi."

Kisha akavuta sahani yake, akala, akala na kipande cha samaki cha kijana wa Bondeni, na hapana aliyemzuia. Akanawa, akavaa buibui, akatangulia kushuka ngazi. Wenzake walimfuata nyuma kama kuku walionyeshewa mvua.

Waliporudi alasiri nilikuwa nimekaa mlangoni. Nikamuuliza, enhe, mama, mtihani wa mchana?

"Mgumu, bibi," akasema, na uso ameukaza. "Mgumu kupita wa asubuhi."

Wifi yangu akasema alhamdulillahi. Mpaka leo majibu hayajatoka, nami sijui nifurahi ama niwashe makaa tena.

Hivi ndivyo nikumbukavyo. Wifi yangu ashakana habari ya mtandio, na kijana wa Bondeni asema si feni, ilikuwa saa ya ukutani. Ikiwa wewe uko jirani na ulisikia kikohozi chetu siku ile, na nimekosea mahali, pita nyumbani unisahihishe. Hodi haina wakati. Ila usiniulize mtihani ulikuwaje.