Mjomba Alivyopima Safari ya Wajir

Mwandiko wangu ni mbaya na herufi nyingine nitazikosea. Nilikomea darasa la nane, na ukurasa mmoja hunichukua asubuhi nzima. Nivumilieni. Hata hivyo sijawahi kukosea kama alivyokosea mjomba wangu, ambaye husifiwa kwa hesabu.

Mjomba alikuwa akiuza kanga na vitambaa Biashara Street, hapa Mombasa. Siku nyanya yetu alipofariki, alfajiri, kaka yangu alikuwa Wajir, akipakua mahindi ya msaada, kwani ilikuwa miaka ile ya ukame. Nyanya ndiye aliyemlea. Tulipiga simu ofisini kwao, tukaambiwa ataondoka saa mbili asubuhi kwa ndege ndogo hadi Lokichogio, na huko atapanda ndege kubwa inayorudi Mombasa tupu. Wanawake wakaomba maziko yangoje mpaka baada ya Isha, ili amwone nyanya uso.

Mjomba akaitisha atlasi yangu ya shule. Akaitandaza barazani, akavua tepu shingoni, akaivuta kutoka Wajir hadi Lokichogio kama anayemkatia mteja wari mbili za poplini.

"Maili mia nne na kitu," akasema. "Kwa ndege ni saa moja na nusu. Adhuhuri kijana yuko hapa. Tutazika Alasiri."

"Wewe ndege umepanda lini, shekhe?" akauliza jirani.

"Hata Uchina sijafika, na hariri yao naipima kila siku."

Watu wakacheka kidogo tu, kwa kuwa ndani mlikuwa na maiti.

Mimi nilikuwa nimezisoma barua za kaka. Alieleza jinsi rubani anavyozunguka juu mpaka ngamia wafukuzwe uwanjani, na jinsi mafuta yanavyosukumwa kwa mkono kutoka kwenye mapipa. Upepo wa mchanga ukianza, abiria hukaa chini ya bawa mpaka utulie. Safari hiyohiyo iliwahi kumchukua kutwa. Nilijua yote haya. Lakini barazani walikaa wazee kumi, na mbele za watu ulimi hunikauka. Nikatazama viatu vyangu.

Mjomba akapeleka habari msikitini. Alasiri ikafika, kaka hayupo. Mama akaja mlangoni.

"Ndugu yangu, ngoja hata Magharibi."

"Angalipanda angalikuwa amefika," mjomba akajibu. "Na watu nimekwisha waita. Niwaambie nini?"

Basi tukazika, ili mjomba asipate taabu ya kuwaambia watu kitu.

Kaka aliingia Isha haijaadhiniwa, nywele zimejaa vumbi jekundu. Akatuuliza mbona hatukungoja. Mjomba, bila haya, akaanza kumhesabia zile maili. Kaka aliingia chumbani kwa nyanya, akafunga mlango.

Mpaka leo mjomba husema hesabu yake ilikuwa sawa, ndege ndiyo iliyokosea. Na wapo wanaomwitikia kwa kichwa.

Wewe uliyewahi kuruka kutoka Wajir hadi Lokichogio kwa zile ndege ndogo, niandikie. Sema mliondoka saa ngapi, mkashuka saa ngapi, na katikati mlingojea nini. Hata mistari mitatu yatosha. Barua yako nitaisoma kwa sauti pale barazani, mjomba akiwa amekaa.