Kauri ya Mwisho

Fundi wa viatu wa pale kwetu Bondeni, huku bara, hupamba sandali kwa kauri, yaani magamba meupe ya konokono wa baharini, madogo kama punje za mahindi. Kabla ya kutoboa gamba huligonga mara mbili kwa ukucha wake mweusi kwa gundi, huliweka sikioni, kisha husema polepole, "Huyu ameshahama." Ndipo hushika sindano.

Hadiya alipokuja kuchukua sandali za harusi yake, alikuta pengo moja kwenye mguu wa kushoto.

"Fundi, mbona hii haijaisha? Naolewa kesho."

Fundi akamwonyesha kikombe cha maji ya chumvi chenye kauri moja. "Siwezi kutoboa nyumba na mwenyewe yuko ndani."

Hadiya akachungulia, asione kitu. Fundi aling'oa kifungo cheupe cha shati lake, akakishona penye pengo. Hadiya akaolewa nacho. Fundi alifunga kibanda siku tatu, akapanda basi la Mombasa, kikombe mapajani.

Aliporudi nilimuuliza safari ilikuwaje.

"Nimemfikisha," akasema, amenuna kidogo. "Ameingia baharini, hata asante hakusema."