Mstari Ulionyooka Shambani kwa Tadea

Damiano Kinunda wa Matiri ni fundi mitandao, na mjini Mbinga ofisi ikitaka kuunganisha kompyuta zake, yeye ndiye huitwa. Msomi wetu huyo! Lakini akifika kwao Matiri huinamisha uso kama mtu aliyedondosha sindano. Mimi sioni sababu ya kumfichia.

Mama Ottilia, mwenye kampuni ya kununua kahawa, alimpa kazi. Ofisi yake iko juu ya kilima, mtambo wa kumenya kahawa uko chini mtoni, naye alitaka vipimo vya mizani ya chini vionekane papo hapo kwenye kompyuta za juu. Damiano akapima, akapanga vifaa, akaona mawasiliano ya hewani hayatapita kwa sababu ya mikaratusi iliyoziba bonde. Akaamua kufukia kebo ya faiba. Hadi hapo hakuna wa kumlaumu.

Sasa, kati ya ofisi na mtambo pana shamba la shangazi yake Tadea, mjane aliyemlea tangu ana miaka minne. Ni shamba la ngolo. Mtoto wa Kimatengo huzijua ngolo kabla hajajua kusoma: mashimo yamepangwa mteremkoni safu kwa safu, kila moja limezungushiwa matuta, na mvua ikinyesha kila shimo hushika maji yake, udongo hauendi popote. Na ngolo za Tadea, weee! Wanawake walitoka vijiji vya mbali kuja kuzitazama. Hakuwa na kingine cha kujivunia.

Damiano alikwenda kumwomba ruhusa, maana adabu alikuwa nayo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Kebo yenu ipite tu. Ila msiteremke moja kwa moja katikati ya ngolo. Zungukeni na njia ya pembeni."

"Sawa, shangazi."

Alisema sawa, jamani, kwa mdomo wake mwenyewe! Kisha akarudi mjini, akafungua kompyuta, akaona kuzunguka kunahitaji kebo ya mita mia nne na thelathini, na kukatiza shambani mia mbili na themanini tu. Akavuta mstari mmoja kutoka juu hadi chini. Ulipendeza kwenye kioo, na Mama Ottilia akausifu.

Vibarua walichimba Oktoba, Tadea akiwa Mbamba Bay kwa bintiye aliyejifungua. Aliporudi alikuta mfereji umeshafukiwa. Akaguna, akadhani wasomi wana dawa yao. Akayainua upya matuta yaliyokatwa, akapanda mahindi.

Januari mvua kubwa ikashuka. Maji yakaukuta udongo laini wa mfereji, yakaufuata mbio, yakapasua matuta kushoto na kulia. Ngolo arobaini na zaidi ziliondoka alasiri moja, na mahindi yaliyofika magotini, na tope lote likaenda kujaa kwenye tangi la mtambo. Faiba yenyewe haikuguswa. Mtandao ulikuwa unapeta!

Mama Ottilia akaitisha kikao pale mtamboni. Baltazar, mwenyekiti wa kijiji, akatazama mlima, akatikisa kichwa.

"Mama Tadea amezeeka. Ngolo zake hazina nguvu tena. Na yeye ndiye alikuwa mfano wetu!"

Wanawake wakatazama chini. Damiano alikuwepo, mchoro wake ameukunja kwapani, na alijua. Moyoni akawa anajitetea: nikisema, ile kazi nyingine ya kule Kitai aliyoniahidi Mama Ottilia imekwenda. Nitasema baadaye, tukiwa wawili.

"Fundi," Mama Ottilia akamuuliza, "mfereji wako hauhusiki?"

Damiano akaubana mchoro kwapani zaidi. Alitamani ardhi ipasuke immeze, kana kwamba haijapasuka ya kutosha! Ndipo Tadea akasimama, akafunga kanga yake vizuri.

"Ni kweli, mwenyekiti. Mikono imechoka. Mwaka huu matuta niliyaweka mepesi."

Loo! Mwanamke yule kusema hivyo, mbele ya wanawake aliowafundisha yeye! Uongo mtupu, na aliutoa akimtazama mtoto wa kaka yake. Damiano aliona haya ambayo hajapata kuiona maishani. Akainuka, akaufungua mchoro mbele ya watu.

"Ni mimi," akasema. "Shangazi alinikataza. Nilikubali, halafu nikachora hivi."

Hakuna aliyecheka. Mama Ottilia akaamuru kebo ifukuliwe, izungushwe pembeni, na kazi ya Kitai akasema ataitafutia mtu mwingine. Baltazar akamwomba Tadea radhi, kwa sauti ya chini. Watu wakaondoka wakinong'ona, na nani ajue waliondoka wakiamini maneno ya nani.

Damiano alimfuata shangazi yake mlimani, nyuma hatua tatu, mpaka akapata sauti.

"Shangazi, nisamehe."

Tadea hakusimama.

"Nimeshakusamehe, baba. Lakini wameshanisikia nikisema mikono yangu imechoka. Ungesema kabla sijasema mimi."