Popo Wangu wa Kabiro

Mwanzoni mwa 2008, mtafiti mmoja aliniajiri nimtafutie miti wanamolala popo wanaokula matunda, aonyeshe kwenye ramani wanapatikana wapi Nairobi. Shule niliiacha darasa la sita, lakini jambo jipya halinipiti. Nikamwambia kazi hiyo naiweza.

Huko Kabiro, Kawangware, niliona mti wa avokado umejaa popo weusi wananing'inia. Kwa furaha nikatoa chaki, nikachora msalaba kwenye geti lililo chini yake, ili mtafiti aupate mti kesho. Sikukumbuka hata kidogo kwamba siku hizo za fujo za uchaguzi, nyumba iliyowekwa alama ndiyo iliyofuata kuchomwa.

Kugeuka, nimezungukwa na vijana wenye marungu.

"Buda, unawekea hii nyumba alama ya nini?"

"Si nyumba, ni popo! Wako pale juu!"

"Wasipokuwako, utatuambia nani amekutuma," alisema mama mwenye geti, macho yamemtoka.

Kijana mmoja akapanda. Nikaomba Mungu popo wasiruke kabla hajawafikia. Hawakuruka. Alimchomoa mmoja, akamtazama, akacheka nusura aanguke, kisha akamwachilia. Popo wangu akashuka polepole akipeperuka, akatua kichwani mwangu: juala jeusi la plastiki, bado linanuka samaki wa omena.

Vijana wakashusha marungu. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi.

"Mpeni maji huyu," akasema. "Nani angemtuma?"