Tuta la Mama Katika Vitunguu Vyangu

Mimi vitunguu navijua. Nasema hivyo bila kuona haya, maana nisiyoyajua ni mengi na huwa nayakiri: sijui kuendesha pikipiki, sijui kusuka, na chapati zangu mume wangu huzila kwa sababu ya ndoa tu. Lakini kitunguu cha nyuma ya nyumba yangu hapa Nyahanga, Kahama, ukikishika kinajaza kiganja na vidole havikutani. Jirani akipika pilau ya sikukuu huja kuomba kimoja, na hicho kimoja kinatosha sufuria nzima.

Siri hakuna. Natumia samadi ya ng'ombe iliyokaa mpaka ikasahau kunuka, na huku kwetu ng'ombe si wa kutafuta. Miche naihamisha ikifika unene wa penseli, naiachanisha kiganja kwa kiganja. Maji ni kila jioni, ila siku majani yakianza kulala, maji yanakoma kabisa ili kitunguu kikauke shingo. La mwisho ndilo watu hawaliamini: kitunguu hukaa juu ya udongo. Mizizi tu ndiyo iwe chini. Mabega yake yanataka kuwa nje yapate jua, na udongo ukiyafunika unaufuta kwa vidole. Kitunguu kilichozikwa hakinenepi. Kinarefuka, kinaota shingo nene, halafu kinaoza.

Nafundisha shule ya msingi, kwa hiyo nimezoea kusema jambo mara moja na kusikilizwa. Mwaka jana mama yangu alipokuja kukaa kwangu, ndipo nilipokumbuka kwamba yeye alizoea hivyo kabla yangu.

Mama alikuwa akiishi peke yake karibu na Mhunze tangu baba afariki. Kaka zangu wawili wako Geita kwenye machimbo, wanahama kila dhahabu inapohamia, nami niko hapa Kahama. Mwezi wa tano mama alianguka ndani kwake asubuhi, akalala sakafuni mpaka mchana, jirani alipokuja kuazima chekeche. Hospitali wakasema ni presha. Nilimfuata mwenyewe, nikamwambia anakuja kwangu kwa ajili ya kliniki, mpaka dawa zimkae sawa. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Ukweli mzima ni kwamba sikutaka arudi tena kwenye ile nyumba. Kila nikifumba macho nilimwona pale sakafuni, ingawa sikuwepo.

Lakini kwetu Wasukuma mama hahamii kwa mkwe wake. Kutembelea ni sawa, kuuguzwa ni sawa. Kukaa na kula ugali wa mkwe siku zote ni aibu, na mama yangu aibu hizo anazishika zote. Mume wangu hana neno. Anafanya kazi mgodini, wiki mbili yuko huko, wiki mbili yuko nyumbani, na akiwepo humwamkia mama kwa mbali akiwa ameangalia chini: "Shikamoo mama." Naye mama hujibu, "Marahaba baba," akiwa amegeukia ukuta. Wanapendana sana hao wawili, ila meza moja hawakai. Mama alikula jikoni, tena matonge machache, kama mtu anayeogopa kuonekana. Wiki ya pili akaanza kuuliza magari ya Mhunze yanaondoka saa ngapi.

Nikawa namwambia kliniki bado. Alinitazama tu.

Vitunguu vyangu wakati huo vilikuwa vimeanza kufura, matuta sita mapana, mabega yote yako nje yanang'aa. Siku moja nikarudi kutoka shule saa tisa, nikapitia nyuma ya nyumba kama kawaida yangu, hata mkoba sijaweka chini. Vitunguu sikuviona. Nilichoona ni majani tu yamechomoza kwenye vilima vya udongo, vimepangwa kwa mstari, vimepigwapigwa kwa bapa la jembe mpaka vikawa laini. Mama alikuwa amevipandishia udongo vyote, tuta kwa tuta, kama viazi vitamu.

Ilikuwa kazi safi, siwezi kusema uongo. Na alikoitoa nakujua, maana hata mimi nililelewa hivyo. Kwetu mtoto hujifunza kabla ya kuhesabu: mmea ukizaa chini unaufunika, udongo ukipasuka unaufunika tena, viazi visiingiwe na wadudu. Mama alikuwa ameona vitunguu vya binti yake viko uchi juani, akavihurumia. Alikuwa amesimama pembeni, jasho linamtiririka, anasubiri nimsifu.

"Mayu," aliniambia. Mayu ni mama, na ndivyo wazazi wa kwetu wanavyowaita binti zao. "Ulikuwa umeviacha jua linaviunguza."

Mdomo wangu hauna breki. "Mama, umeniulia vitunguu! Nani amekutuma?"

Hilo la kuua angelisamehe. La nani amekutuma ndilo lililomfika. Mtu mzima aliyenilea kwa jembe, namuuliza kama mwanafunzi aliyevunja kioo cha darasa. Alikwenda bombani akaliosha jembe taratibu, akaliegemeza ukutani, akaingia ndani.

Mimi nikapiga magoti na gauni langu la shule, nikaanza kuondoa udongo kwa vidole, kitunguu kimoja kimoja, huku nanung'unika kwa sauti ili asikie. Tuta la kwanza nililifukua kwa hasira. La pili hivyo hivyo. La tatu hasira zikaanza kuniishia, na nilipomaliza la nne nilikuwa naona aibu tupu. Nikanawa, nikamfuata chumbani.

Alikuwa anafunga nguo zake kwenye kitenge. Dawa zake zilikuwa tayari kwenye mfuko wa nailoni.

"Kesho napanda gari," alisema.

"Mama, nisamehe. Niliropoka."

"Sijakasirika." Hakunitazama. "Mtu akila kwa mkwe bila kushika jembe, huyo anaombaomba. Sasa nimeshika jembe, nimeambiwa nimeua. Niambie wewe uliyesoma, nifanye nini hapa?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Matuta sita mazima, na presha ile, alikuwa anautolea jasho ugali wa wiki mbili. Nilitaka kulia. Nilipaswa kumkumbatia, lakini sisi hatuna mazoea ya kukumbatiana, na mimi nikibanwa najua kitu kimoja tu, nacho ni kubisha.

"Haya, nenda," nikasema. "Lakini ujue umekosea. Vitunguu havifukiwi."

Mikono yake ikasimama kwenye fundo. "Kila kinachozaa chini kinafukiwa."

"Siyo kitunguu."

"Nani kakwambia? Kitabu?"

"Nimelima mwenyewe, mama. Miaka yote hii."

"Mimi nimelima hujazaliwa."

"Viazi!"

"Na karanga. Na njugu mawe. Usinifundishe ardhi, mayu, utaaibika."

Nikamwambia kuna matuta mawili sijayafukua. La mwisho namwachia liwe lake, alifukie anavyotaka, lisiguswe na mtu. Haya mengine nitayalima ninavyojua mimi. Tukivuna tutaona nani ataaibika. Nilisema hivyo kwa kiburi changu chote.

Mama akafikiri. "Mnavuna lini?"

"Kama mwezi wa nane mwishoni."

Akaanza kulifungua lile fundo. "Nitakaa nione tu utakavyoaibika," akasema. "Halafu naondoka."

Tangu siku hiyo nyumba yangu ikachangamka. Nikiamka namkuta mama yuko bustanini, amechuchumaa kwenye tuta lake. Alipalilia lake na yangu yote, akamwagilia lake na yangu yote, mradi tu asiyafunike. Jioni nikirudi kutoka shule tunaanzia tulipoishia. Vyangu vitaungua jua, vyake vitaoza, mimi nilisoma sana nikapitiliza, yeye ana kichwa kigumu. Mume wangu alirudi kutoka zamu yake akatusikia tangu getini, akafikiri tunagombana, akabaki amesimama na begi lake anaogopa kuingia. Na chakula mama akawa anakula. Aliomba kuongezewa maharage mbele yangu, kwa sauti, bila wasiwasi, kwa sababu sasa alikuwa analima. Presha ikashuka. Muuguzi wa kliniki alimuuliza anatumia nini, mama akamwambia anatumia kubishana na mtoto wake.

Mimi moyoni nilikuwa nimejiingiza kwenye mtego wangu mwenyewe. Kushindwa nisingeshindwa, maana vitunguu navijua. Na siku nikishinda, mama anafunga kitenge chake anakwenda Mhunze, safari hii akiwa na aibu ya pili juu ya ile ya kwanza. Nilikuwa nimemzuia kwa kitu chenye tarehe ya mwisho.

Katikati ya mwezi wa nane majani yakaanza kulala. Mkulima yeyote anajua maana yake: acha maji, subiri yakauke, ng'oa. Nimewafundisha hivyo majirani, nimewafundisha watoto wa darasa la sita. Mimi nikamwagilia. Jioni ya kwanza nilijiambia ni jua kali. Wiki ya kwanza ikapita, nikamwagilia tena, na ya pili. Nilikuwa naharibu kazi ya mikono yangu mwenyewe huku naona. Nilisimama na ndoo juu ya vitunguu vizuri kuliko vyote nilivyowahi kupanda, nikavimwagia maji ili siku ya kuvuna isogee.

"Si wewe unayesema maji yakome yakilala?" mume wangu aliuliza.

"Mwaka huu kuna joto," nikamjibu. Uongo mtupu. Akanitazama, akaenda zake kuosha pikipiki.

Mama alikuwa karibu, anapalilia tuta lake.

Jumamosi moja ya mwezi wa tisa sikuwa tena na pa kuisogeza. Majani yalikuwa yamekauka kabisa, jirani ameshaniuliza kupitia uani kama naumwa. Tulianza asubuhi, mama na mimi peke yetu. Matuta yangu yalitoa vitunguu vya kutisha. Nilivitandaza kivulini juu ya magunia na nilijivuna kama kawaida, lakini vingine nikivibonyeza shingoni vilikuwa laini, na nilijua havitafika Krismasi. Ni yale maji.

Kisha tukafika kwenye tuta lake. Mama alitaka kuvuna mwenyewe. Alifukua kwa jembe dogo, akang'oa cha kwanza. Kilikuwa kirefu, cheupe, chembamba, kina shingo nene kuliko tumbo. Cha pili vilevile. Cha tatu kilimpasukia mkononi kimeoza, harufu ikatupanda wote. Akaendelea kung'oa mpaka tuta likaisha, akavipanga vyake kwenye mstari mbele ya vyangu. Halafu akanyooka mgongo, akaniuliza, "Haya mwalimu. Sema."

Siku zote nilikuwa nikiisubiri nafasi hiyo, na sasa sikuitaka. Nilifikiri kumwambia tuta lile lina udongo mbaya. Nilifikiri kumwambia mbegu ilichanganyika. Lakini mama yangu hadanganywi mambo ya shamba, na kumdanganya kungekuwa kumwambia tena kwamba hana kazi hapa.

"Vyako vimeshindwa, mama," nikasema.

"Najua. Nilijua tangu wiki ya pili ya ubishi wetu. Niliingiza kidole nikapapasa, nikakuta vyako vinanenepa na vyangu vimesinyaa."

"Wiki ya pili? Sasa mbona hukusema?"

Aliokota kitunguu changu kimoja kikubwa, akakigeuza, akakibonyeza shingo kwa kidole gumba mpaka kidole kikazama. "Na wewe mbona ulivimwagilia vimeshalala? Ulidhani sikuoni?"

Nikainama, nikaanza kupanga upya vitunguu vilivyokuwa vimeshapangwa.

Mama akakiweka kitunguu chini polepole. "Kule kwangu, mayu, nikisema neno hakuna wa kunibishia," akasema. "Nasema, nyumba inanyamaza. Nikikosea nabaki nimekosea hivyo hivyo, mpaka usiku, mpaka kesho yake."

Nililia, sitaficha. Nililia nimesimama katikati ya vitunguu, na hakuna kati yetu aliyejua la kufanya na mikono yake. Kisha nikafuta pua kwa kanga, nikamwambia kwamba pamoja na hayo alikosea, tena alikosea sana, maana kama angevifunua wiki ile ile ya pili vingepona.

"Visingepona," akasema.

"Vingepona, mama."

"Vilishaota shingo. Kikishaota shingo hakirudi."

"Nani kakwambia?"

Akakivuta kigoda, akakaa kivulini, akaniambia na mimi nikae nimweleze vizuri, kwa sababu msimu ujao hatakubali kuonewa. Jua likafika utosini, vitunguu vyote havijaingizwa ndani, na bado tulikuwa tunabishana.