Rangi ya Mwanatumu

Jiwe ndilo lililomshangaza Tsofa. Lilining'inia kwa kamba ubavuni mwa tangi kubwa la chuo kikuu, juu mlimani Kwale. Maji yakipungua ndani, jiwe hupanda nje. Tsofa, mtunza maji wa chuo, hakusoma, lakini jiwe hilo alilisoma kila asubuhi, miaka na miaka.

Mwaka ule wa tisini na tisa mvua ilikata. Chuo kikaunda kamati ya kuhifadhi maji, na Bi Nereah, afisa kutoka bara, akapewa kuiongoza. Kamati ilitazama, ikaona foleni ya ndoo kwenye mfereji wa langoni. Wanawake wa kijiji walichota pale tangu chuo kilipojengwa. Ikaamuliwa mfereji ufungwe kabisa siku ya Ijumaa.

Mwanatumu, mkewe Tsofa, alichota pale mpaka wiki aliyougua. Sasa alikuwa na miezi mitano kaburini.

Jumanne Tsofa alikwenda ofisini. Nereah alimwamkia shikamoo, akamvutia kiti. Tsofa akamweleza kwamba wanafunzi wako likizoni, mabweni matupu. Na jana mfereji wa langoni yeye aliutia kufuli kutwa nzima. Jiwe lilipanda vilevile.

"Sasa hayo maji anakunywa nani, mzee?"

"Ndilo nililokuja kukuuliza, mama."

Nereah alicheka, kisha akaacha kucheka. Alisema kamati inangoja jibu, haingoji swali, na Ijumaa ni Ijumaa.

Tsofa akayafuata mabomba kwa miguu kutoka tangini mpaka bweni la nane. Ardhi kavu, hata majani mabichi hakuna. Akaingia ndani, akatega sikio ukutani. Kimya. Mifereji yote imekazwa. Maji yalikuwa yakienda, na njia yake haikuonekana.

Jioni alitaka ukambaa wa kufungia jiwe, maana ile kamba ilikuwa imechakaa. Akafungua kikapu cha Mwanatumu. Mlikuwa na mkeka ambao haukumalizika, umebakia ukingo tu, na kopo la rangi nyekundu ya kutilia ukindu. Mkono wake ulikuwa na maji. Unga kidogo ulimgusa, na wekundu ukateremka mpaka kwenye kifundo. Mwanatumu alikuwa akimgombeza kwa hilo: chembe mbili zatosha sufuria nzima, usichezee.

Tsofa aliutazama mkono wake muda mrefu.

Siku ya pili aliingia mabwenini na kopo. Kila choo cha kuvuta kina tangi dogo mgongoni. Alifunua kifuniko, akatia chembe, akafunika, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kungoja. Everline, mfanyakazi wa usafi, alisimama mlangoni na ufagio wake.

"Mzee, mchuzi huo utaiva saa ngapi?"

"Ukiiva nitakupakulia."

Choo cha kwanza, bakuli lilibaki jeupe. Cha pili, jeupe. Cha tatu, hakuna aliyevuta, hakuna kilicholia, na uzi mwembamba mwekundu ukateremka nyuma ya bakuli. Ukaja mwingine. Everline aliweka ufagio chini akainama karibu. Hakutania tena.

Tsofa alitia alama ya chaki mlangoni, akaenda choo kilichofuata. Kufikia bweni la tano kopo lilikuwa karibu tupu. Alilitikisa. Kilichobakia kingetosha ukingo wa mkeka, basi. Alisimama nalo hapo. Kisha akaingia bweni la sita.

Alhamisi Nereah alipita mlango kwa mlango, akitazama mabakuli mekundu. Tsofa alimwonyesha raba za chini ya matangi, zimelika zote, maji yapita usiku na mchana bila sauti.

"Milango yote hii yenye chaki?" aliuliza Nereah.

"Yote. Na langoni hapana alama."

"Hiyo bomba ya langoni inabaki, mzee. Kamati nitaiambia mwenyewe. Tutabadilisha raba." Akauliza kama rangi imesalia, wapime na jikoni. Tsofa akasema imekwisha, inauzwa Ukunda.

Raba zilipobadilishwa, jiwe lilituama. Tsofa akachota maji langoni, nyuma ya wanawake, akalisuuza kopo nyumbani. Maji yakawa na wekundu hafifu. Hakuyamwaga. Alitosa mumo humo ukindu uliobakia kikapuni, akauanika. Ulitoka na rangi ya waridi lililofifia.

Akaketi, akaanza kuusuka ukingo, polepole, maana hakuwahi kufundishwa.